Walsi nilianza kuzijua kwa upande wa besi

Watu wengi hukutana na walsi za piano, yaani muziki wa dansi ya kuzunguka wenye mapigo matatu, kupitia sauti ya juu. Tangazo linapita kwenye televisheni, simu ya mtu inaita ndani ya daladala, na ile tuni nyepesi inayokimbia inabaki kichwani bila mtu kujua ilitungwa na nani. Mimi zilinifikia kwa mlango mwingine. Kwa muda mrefu nilisikia besi tu na zile sauti mbili zinazoifuata, dum-ta-ta, dum-ta-ta, bila tuni yoyote juu yake, na hadi leo nazisikiliza kuanzia huko chini. Naandika haya kwa ajili ya mpenda muziki, hasa aliyelelewa na kwaya, ambaye amejaribu kuwasikiliza watunzi wa piano kama Chopin au Liszt akaona ni muziki mzuri lakini hauna pa kushika. Pa kushika papo.

Nilikuwa mwanafunzi mjini Warsaw, Polandi. Nilitoka Arusha, ambako nilikuwa napiga kinanda parokiani tangu nikiwa sekondari. Ufadhili ulilipa ada. Chakula na chumba nilijitafutia, nikapata kibarua katika ukumbi mdogo wa muziki: kupanga viti, kusukuma piano hadi kwenye alama zake jukwaani, kupokea makoti ya wageni wakati wa baridi. Kazi hiyo ilinipa kitu ambacho mwenye tiketi hakipati, nacho ni mazoezi. Mpiga piano wa jioni hufika mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Anakigusa chombo kidogo, anasogeza kiti, halafu, kama kuna walsi kwenye ratiba yake, mara nyingi anaanza na mkono wa kushoto peke yake. Anaurudia polepole, kipimo kwa kipimo, huku mimi nikiendelea na safu zangu za viti.

Nilijiuliza kwa nini mtu aliyefikia kiwango kile ahangaike na kitu kinachoonekana rahisi. Wimbo wa tatu kwa nne, kwa mpiga kinanda wa kwaya, ni wa kujifunzia. Mwalimu anapunga chini, nje, juu. Besi inashika pigo la kwanza, sauti nyingine zinajaza mawili yaliyobaki, basi.

Aliyenifumbua ni fundi wa piano wa ukumbi ule, mzee mtulivu aliyekuja kukaza nyuzi kabla ya kila onyesho. Siku moja aliniita niketi. Akaniambia niweke kidole kidogo cha kushoto kwenye sauti ya chini kabisa ninayoifikia bila kujinyoosha, nibonyeze, kisha mkono uruke hadi katikati ya vibao nishike sauti tatu kwa pamoja, mara mbili, halafu nirudi chini bila kuangalia. Nikafanya. "Sasa," akasema, "fanya hivyo hivyo bila kugonga." Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mkono unaposafiri mbali namna ile unatua kwa uzito, na pigo la pili na la tatu yanalia kama ya kwanza. Walsi inageuka gwaride.

Akanionyesha kingine ndani ya chombo chenyewe. Sauti za chini kabisa zina waya mmoja mmoja, mnene, wa chuma uliozungushiwa shaba. Ukipanda kidogo, kila sauti ina waya mbili. Kuanzia katikati kwenda juu, tatu. Fremu ya chuma inayozibeba inastahimili mvuto wa takriban tani 20. Na pamoja na nguvu zote hizo, sauti ya piano huanza kufa mara tu nyundo inapogusa waya. Kinanda cha kanisani hakifanyi hivyo. Ukishikilia kibao, sauti inadumu mpaka uachie. Kwenye piano, besi uliyoipiga kwenye pigo la kwanza tayari imepungua ifikapo pigo la tatu. Mguu ndio unaoiokoa: pedali inakanyagwa besi inapolia, mkono unaiacha na kuruka juu, na besi inaendelea kuishi chini ya sauti nyingine. Mpiga piano akikosea kuachia pedali kwa nusu ya pigo, duara linakatika au muziki mzima unachafuka.

Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza mazoezi kwa masikio mengine. Niligundua kwamba hakuna wapiga piano wawili wanaogawa yale mapigo matatu sawasawa. Mmoja anaegemea la kwanza na kuyafanya mengine mepesi mno, karibu hayasikiki. Mwingine analitanguliza la pili kidogo, kabla ya wakati wake, kisha anaacha nafasi kabla ya la tatu. Hiyo ni tabia ya Vienna, na orkestra za mji ule zinajulikana kwayo. Wengine wanayalinganisha yote matatu, na hao sikuwapenda hata kidogo, ingawa vidole vyao vilikuwa vyepesi kuliko vya wenzao.

Nikaanza kusoma zilikotoka. Walsi ilikuwa ngoma ya watu kabla haijawa muziki wa kukaa kimya kwenye kiti. Wawili wanashikana ana kwa ana, wanazunguka wao kwa wao huku wakizunguka ukumbi. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliishambulia kwa hasira baada ya kuchezwa kwenye dansi ya mtawala mwenyewe, likiona aibu kwamba mume na mke wa watu washikane karibu namna ile mbele ya macho ya umma. Huko Vienna, mtunzi Schubert alikuwa akiketi kwenye piano nyumbani kwa marafiki na kuwapigia walsi fupi fupi wacheze kwelikweli. Nyingi za hizo ziliandikwa baadaye zikachapishwa, na ukizisikiliza unaona zinavyomhudumia mchezaji: ni fupi, zinarudiwa, hazimshtui mtu aliye miguuni.

Kisha mwaka 1819 Carl Maria von Weber akatunga kipande kiitwacho Mwaliko wa Kucheza, akakitoa kwa mkewe, Caroline. Ndicho kinachotajwa sana kama mwanzo wa walsi iliyokusudiwa kusikilizwa. Nakipenda kwa sababu kinasimulia. Kinaanza polepole. Mkono wa kushoto unaongea peke yake, chini: huyo ni kijana anamsogelea binti. Mkono wa kulia unajibu, juu, kwa adabu na kwa kukwepa. Kijana anarudia ombi kwa msisitizo zaidi, binti anakubali, wanazungumza kidogo, wanachukua nafasi zao. Ndipo walsi inapolipuka, tuni baada ya tuni, mpaka inafika kilele na kugonga sauti za mwisho kwa nguvu. Lakini huo si mwisho. Ule mwendo wa polepole unarudi: kijana anashukuru, binti anajibu, wanaagana.

Kipande hiki kilipopigwa pale ukumbini kwetu, watu walilipuka kwa makofi kwenye zile sauti za nguvu. Mpiga piano hakuinua mikono wala hakukunja uso. Alisubiri makofi yaishe, akapiga zile sauti chache za kuagana, akasimama. Nimesikia kwamba jambo hilo hutokea mahali pengi. Siwalaumu waliopiga makofi, maana miguu yao ilikuwa imecheza pamoja na muziki na ngoma kweli ilikuwa imekwisha. Ila Weber alitaka tuwaone wale wawili wakirudishana vitini, na asiyejua hilo anaikosa sehemu ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

Chopin ndiye niliyeishi naye zaidi, maana Warsaw huwezi kumkwepa. Alizaliwa 1810 kijiji cha Żelazowa Wola, akakulia mjini, akaondoka Novemba 1830 akiwa na miaka 20 na hakurudi tena. Alikwenda Vienna, ambako watunzi wa muziki wa dansi, Strauss na Lanner, walikuwa wanatawala kumbi za dansi, na barua zake kwa familia zinaonyesha hakupendezwa. Alishangaa kwamba mji ule unaziita walsi kazi za sanaa, akasema yeye hata kuicheza vizuri hawezi na kwamba piano yake haijasikia ila mazurka, ngoma za kwao Polandi. Miaka michache baadaye, akiwa Paris, mwaka 1834 alichapisha walsi yake kubwa ya kwanza, opus ya 18 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Inaanza na sauti moja inayorudiwa rudiwa kama tarumbeta inayowaita watu uwanjani, halafu zinafuata tuni nyingi, moja ikimpokea mwenzake. Bado ndani yake unamsikia mpiga muziki wa dansi.

Baada ya hiyo anaanza kuondoka kwenye sakafu ya wachezaji. Mwaka 1838 zikatoka tatu pamoja, opus ya 34, na jalada linaziita zote walsi za kung'aa. Ya pili yake, kwa ufunguo wa A maina, haing'ai hata kidogo. Inakwenda polepole, ina huzuni ya mtu asiyetaka kuulizwa ana nini. Na tazama alichofanya: tuni iko mkono wa kushoto! Mkono wa kulia ndio umepewa kazi ya zile sauti mbili za kujazia. Niliposikia mtu akiifanyia mazoezi kwa mara ya kwanza, mkono wa kushoto peke yake kama kawaida, nilisimama na kiti mkononi. Baada ya majuma ya dum-ta-ta, ghafla ile sauti ya chini ilikuwa inaimba, kwa kina kile ambacho kwaya huwa tunamwachia mwimbaji wa besi aliyekomaa. Karibu na mwisho besi inarudi kuimba tena, safari hii ikielekea kwenye mwanga kwa muda mfupi, kabla tuni ya mwanzo haijarudi na huzuni yake ile ile. Sijui walsi nyingine inayonigusa kiasi hicho.

Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba aliuita mkono wa kushoto kiongozi wa orkestra: huo utunze wakati, wa kulia uwe huru kuchelewa au kuwahi. Nilipoisoma habari hiyo nilielewa mara moja, kwa sababu nimekulia nyumba yenye kinu. Mama anatwanga huku anasimulia: mchi unashuka kwa wakati wake, maneno yanakwenda yanavyotaka, yanavutika, yanasita, yanakimbia kufidia, na mahindi yanalainika. Wapiga piano wengi huyumbisha mikono yote miwili pamoja na kuita hisia. Inaweza kupendeza, lakini duara linavunjika na msikilizaji anaachwa hana sakafu.

Sakafu hiyo sikuielewa vizuri mpaka miguu yangu ilipoingia. Katika bustani ya Łazienki pana sanamu ya Chopin ameketi chini ya mti unaopinda kwa upepo. Ya kwanza ilizinduliwa 1926, Wajerumani wakailipua 1940, na ya sasa ikasimamishwa 1958. Tangu 1959, Jumapili za majira ya joto, piano hupigwa hapo bure, adhuhuri na tena alasiri, na watu hukaa kwenye mabenchi na kwenye nyasi. Muziki unapitia kwenye spika, kwa hiyo besi zile za ndani hazifiki vizuri. Asiyezijua hawezi kuzidhani. Hata hivyo nilikwenda kila nilipopata nafasi.

Jumapili moja bibi aliyekaa karibu nami aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Arusha, Tanzania. Akanishika mkono: "Tengeru!" Shangazi yake aliishi huko. Kwa wasiojua, wakati wa vita ya pili ya dunia maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Urusi walitoka kupitia Iran wakafika Afrika Mashariki, na kambi ya Tengeru, kilomita chache kutoka nyumbani kwetu, ilikuwa na watu kama 5,000. Makaburi yao yapo hadi leo na yanatunzwa. Basi tukawa ndugu papo hapo. Mdomoni nilimwita Pani, kama adabu ya kwao inavyotaka. Moyoni alikuwa Bibi.

Nikamweleza kuhusu mkono wa kushoto na jinsi mapigo yasivyolingana. Akasema, "Simama, mwanangu." Pale pale kwenye njia ya bustani akanifundisha hatua. Ya kwanza ni ndefu, inabeba mwili wote kwenda mbele; ya pili inazunguka; ya tatu miguu inakutana na mwili unainuka kidogo kusubiri. Hatua sita, vipimo viwili, na umezunguka duara moja. Ukijaribu kuzifanya zote sawa unamkanyaga mwenzako au unasimama. Pigo la kwanza ni la kusafiri. La pili na la tatu ni la kugeuka na kupumua. Nilichokuwa nimeambiwa na fundi, na nilichosikia kwenye mazoezi, sasa kilikuwa kwenye magoti yangu.

Ndiyo maana nasema mtu anayetaka kuzisikiliza walsi hizi ajifunze hatua zake kwanza, hata akiwa peke yake chumbani. Watunzi waliandika kwa watu ambao miili yao ilikuwa inajua. Waliposimamisha muziki ghafla, au kuongeza kipimo kimoja zaidi ya ilivyotarajiwa, msikilizaji wa Paris aliyekaa kimya kwenye kiti chake alihisi mguu wake ukikosa pa kutua. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani, akiiandikia walsi ya opus ya 42, alisema kama Chopin angeipiga kwa wachezaji, basi nusu ya wanawake wale ingebidi wawe angalau makontesa, wanawake wa tabaka la juu. Alikuwa anasifu, na kweli ni walsi ya heshima kubwa. Lakini mimi niliipokea kwa njia ambayo Schumann hakuifikiria.

Opus ya 42, ya mwaka 1840, inaanza kwa sauti mbili zilizo jirani zikitetema kwa muda, kama mtu anavuta pazia. Kisha mkono wa kushoto unaanza dum-ta-ta yake, tatu bila mashaka. Na juu, mkono wa kulia unaimba mbili. Ndani ya kipimo kile kile, tuni ina vituo viwili huku besi na wenzake wakihesabu tatu. Wapiga piano vijana pale ukumbini waliilalamikia. Mmoja aliniambia aliitafuta muda mrefu kabla mikono haijakubaliana. Mimi niliisikia na mwili ukaijua papo hapo. Ni mbili juu ya tatu! Mtu yeyote aliyekaa karibu na ngoma zetu, kayamba likihesabu tatu na ngoma kubwa ikiita mbili, amelelewa ndani ya jambo hilo. Sisemi Chopin alilitoa Afrika. Nasema sikio la mtu wa kwetu lina mlango ulio wazi hapo, na inanisikitisha tunapojiambia kwamba muziki huu ni wa watu wengine na si wa masikio yetu.

Za opus ya 64, zilizotoka 1847, miaka miwili kabla hajafariki, nitazigusa kwa kifupi. Ya kwanza ndiyo ile maarufu ambayo watu hushindana kuimaliza ndani ya dakika moja. Mashindano hayo yanaiua, kwa sababu katikati kuna sehemu pana ya kuimba ambayo haiwezi kukimbizwa. Ya pili, ya C kali maina, ina sehemu tatu, na kinachonishika ni ile ya pili, mkondo wa sauti nyepesi zinazozunguka. Inarudi kila mara, haibadiliki kwenye karatasi, lakini mpiga piano mwenye moyo hairudii vile vile. Mara ya mwisho inapanda juu, inapungua, inaisha bila kugonga mlango. Nimesikia rekodi ya Rachmaninoff ya mwaka 1927 na ya Arthur Rubinstein ya miaka ya 1960. Noti ni zile zile. Rachmaninoff anaifanya kama mtu anayekumbuka. Rubinstein anaisimulia wima, wazi, bila kujivuta. Niliwahi kuamini lazima mmoja awe sahihi. Siamini hivyo tena, na nazihitaji zote mbili.

Siku moja mpiga piano mgeni aliweka walsi zote kumi na nne zinazopigwa kwa kawaida katika jioni moja. Ukumbi ulijaa. Kufikia ya saba niliona watu wanafungua karatasi za ratiba kuhesabu zilizobaki, na hakuwa mpiga mbaya. Mimi nasikiliza tatu, nne zikizidi sana, kisha naacha. Mapigo ni yale yale na sikio huzoea haraka. Likizoea, linaacha kusikia tofauti ambazo ndizo utamu wenyewe.

Rekodi moja tu hunifanya nizisikilize zote mfululizo: ya Dinu Lipatti, mpiga piano Mromania, aliyezirekodi Geneva mwezi Julai 1950 akiwa mgonjwa wa saratani. Alizipanga kwa mpangilio wake mwenyewe, si wa namba za uchapishaji, ili kila moja iandae inayofuata. Tarehe 16 Septemba mwaka huo alipiga onyesho lake la mwisho Besançon, Ufaransa. Alikuwa na walsi zote kumi na nne kwenye ratiba. Alifika ya kumi na tatu, nguvu zikamwishia. Ile ya mwisho, ya kwanza katika opus ya 34, yenye furaha kubwa na miruko mirefu ya mikono, hakuweza. Badala yake akapiga wimbo wa Bach alioupenda. Alifariki Desemba, akiwa na miaka 33. Sikiliza mkono wake wa kushoto kwenye rekodi hiyo. Hauna uchovu. Pigo la kwanza linabeba, mawili yanapumua, na wala hatuombi tumhurumie.

Liszt ni shamba jingine, na nilichelewa kumpenda. Walsi yake ya kwanza ya Mephisto inatokana na shairi la Lenau kuhusu Faust, msomi aliyefanya mapatano na shetani: katika kilabu cha kijijini kuna arusi, Mephistopheles, shetani mwenyewe, ananyakua fidla kwa mpigaji na kuanza kupiga mpaka watu wanapagawa. Mkono wa kushoto unaanza kwa kurundika sauti juu ya sauti, kwa umbali wa tano tano, ndivyo nyuzi za fidla zinavyopangwa. Ni shetani anakaza nyuzi. Sauti zinapigwa kwa ukali, zinajaa mpaka zinakwaruzana. Hapa pia mlango ulikuwa besi, ila besi iliyogeuzwa: haibebi wachezaji, inawasukuma. Inachukua dakika kama 11 na inahitaji piano ya chuma na ukumbi wenye nafasi. Kwenye spika ya simu inabaki kelele. Mtunzi Brahms yeye alikwenda upande wa pili kabisa. Walsi zake 16 za opus ya 39, alizozitunga 1865, alizianza kwa watu wawili kwenye piano moja, nyingine hazifiki dakika mbili, na zinarudisha walsi nyumbani kwa Schubert.

Kinachonishughulisha siku hizi ni walsi ya Chopin ambayo haikujulikana mpaka juzi. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba katika maktaba ya Morgan, New York, kimepatikana kikaratasi kidogo, kinatosha kwenye kiganja, chenye walsi ya A maina iliyoandikwa kwa mkono wake kati ya 1830 na 1835. Ni fupi, hata ukizirudia sehemu zake haifiki dakika mbili. Niliichukua noti zake nikaanza kuijaribu kwenye piano ya ukumbini kabla ya kufunga. Inaanza chini, kwa mashaka, na baada ya vipimo vichache tu ameweka alama ya nguvu kubwa kabisa, herufi f tatu kwa pamoja, jambo lisilo la kawaida kwake. Wengi niliowasikia wanapiga huo mlipuko kwa mkono wa kulia na kuufanya tamko. Mimi naona nguvu ile inatoka kwenye besi inayojenga kabla yake, na kwamba mkono wa kushoto ukianza mzito tangu kipimo cha kwanza, mlipuko hauna pa kutokea. Kwa hiyo naanza chini sana, karibu na kimya, nahesabu tatu zisizolingana kama Bibi alivyonionyesha bustanini, na mguu wangu nauweka kwenye pedali kabla sijagusa kibao chochote. Fundi aliisikiliza akaniambia kipimo cha sita bado nagonga. Ni kweli, na hicho ndicho ninachokifanyia kazi wiki hii, mkono wa kushoto peke yake.